Gethin Anasafiri Peke Yake

Watu wa Aberdare, huku kwetu Wales, wakimkuta Gethin Maddock dukani asubuhi ya siku ya kazi, walimuuliza kama amepata kazi. Alikuwa akicheza snuka, mchezo wa kuingiza mipira kwenye mifuko ya meza, kwa malipo tangu ujana wake, jina lake limo kwenye orodha ya ubora ya dunia, na bado walimuuliza. Aliwajibu kwamba anaendelea kutafuta, akachukua mkate wake akaondoka.

Mimi ndiye ninayefungua klabu ya wachimbaji wa makaa ya mawe, ingawa wachimbaji wenyewe waliisha zamani. Asubuhi nilimkuta mlangoni na kasha la fimbo yake, kola ameipandisha kwa sababu ya mvua. Mimi nikifagia ukumbini, yeye yuko chumba cha nyuma anagonga mipira, anaitoa mifukoni, anaipanga upya, anaanza tena. Mkewe, Carys, alihamia Swansea na binti yao miaka mingi nyuma. Gethin aliniambia Carys hakuwahi kumlaumu kwa kushindwa. Alichochoka nacho ni kuishi na mtu ambaye hata akiwa nyumbani, macho yake yako mezani.

Rafiki aliyebaki naye ni Lyndon Probert wa Merthyr. Lyndon alikuwa mnene, mwenye maneno mengi, na kiwango chake kilikuwa kilekile cha Gethin: si wa kuogopwa, si wa kudharauliwa. Walisafiri pamoja kwa gari la Lyndon, wakalala chumba kimoja katika nyumba za wageni za bei nafuu, na katikati ya wiki Lyndon alivuka mlima kuja kufanya mazoezi hapa kwetu. Siku hizo nilisikia kicheko chumba cha nyuma.

Mwisho wa kila msimu, wachezaji wa mkiani mwa orodha hupoteza nafasi ya kucheza mashindano makubwa. Mwaka ule Gethin na Lyndon walikuwa ukingoni wote wawili, na yalibaki mashindano ya Leicester, Uingereza, tu. Ratiba ilipotoka, wakaona kwamba kila mmoja akishinda mechi yake ya kwanza, watakutana katika mechi ya pili.

Lyndon alicheka hadi akakohoa. "Nikikutoa usinililie garini," alimwambia. "Njia nzima mpaka huku, sitaki makamasi kwenye viti vyangu."

"Viti vyenyewe vimeoza," Gethin akajibu. "Wewe jiandae tu."

Walishinda wote wawili. Asubuhi ya mechi yao, Lyndon alibeba sahani yake ya mayai akaenda kukaa meza nyingine. Mama mwenye nyumba akawauliza kama wamegombana. Wakasema hapana, kwa pamoja, kisha kila mmoja akatazama dirisha lake.

Walicheza kwenye meza ya pembeni iliyozungushiwa mapazia, mbele ya watazamaji wachache, mmoja wao amesinzia. Mchezo ulikwenda sare mpaka fremu ya mwisho, duru ya kuamua. Mezani ikabaki mipira miwili ya rangi, pinki na nyeusi. Lyndon alikuwa mbele kwa pointi chache. Akiingiza pinki, imekwisha. Ilikuwa karibu na mfuko, njia yake imenyooka, haina kizuizi, mpira ambao hata mimi ninayefagia ningeujaribu. Gethin alikuwa ameshaanza kufungua kasha lake ili arudishe fimbo. Lyndon akapiga. Pinki ikagonga midomo ya mfuko, ikatetemeka pale, ikakaa nje.

Gethin aliinuka akaiingiza, kisha akaingiza nyeusi.

Lyndon alimshika mkono akaushikilia. "Sasa uende mbali, bwana," alisema. "Angalau niseme nilitolewa na mtu." Akampa mkono mwamuzi, akatoka. Gethin alipopata kurudi chumbani, gari halipo, na kitanda cha pili kilikuwa kimeshatandikwa.

Kilichofuata hakuna aliyekitegemea, hata yeye mwenyewe. Alishinda raundi iliyofuata, na nyingine, na nyingine. Katika robo fainali alimtoa Mwingereza mmoja mwenye vikombe vingi, kwenye meza kubwa yenye kamera. Hapa klabuni tuliweka viti mbele ya televisheni, na watu waliokuwa wakimuuliza kuhusu kazi wakasimama wakapiga makofi.

Baadaye jioni ile simu ya klabu iliita. Alikuwa yeye. Akauliza kama tumetazama, nikamwambia tumetazama sote. Kisha akauliza jambo jingine.

"Lyndon alikuja?"

"Hapana, Gethin. Hakuja."

Alinieleza kwamba ameketi kwenye ngazi za ukumbi na simu mkononi muda mrefu. Kila alipowahi kushinda, mtu wa kwanza wa kumwambia, Lyndon, alikuwapo pale pale akimpigapiga bega. Hakujua sasa ampigie nani. Nikamwambia amepiga mahali pazuri, lakini nilijua sivyo.

Nusu fainali alishindwa vibaya na kijana wa Kichina aliyekuwa hakosei. Orodha ilipotoka Gethin alikuwa amepanda juu kuliko wakati wowote wa maisha yake. Lyndon aliondolewa.

Gethin alirudi kwa treni. Ilimchukua muda kupata moyo wa kwenda Merthyr, lakini alikwenda. Mkewe Lyndon, Delyth, alimkaribisha vizuri, akawawekea chai, kisha akawaacha peke yao jikoni. Lyndon alikuwa amevaa fulana ya kampuni ya kusambaza vifurushi. Gethin akauliza kilichokuwa kikimkosesha usingizi: ile pinki, aliikosa makusudi?

Lyndon alimtazama kama aliyetukanwa, kisha akacheka.

"Unajiona nani wewe, mpaka nikuachie? Mimi nina watoto, Gethin. Mkono ulitetemeka. Ulitetemeka kama wa babu yangu, basi."

Gethin akamwomba waendelee na mazoezi, ajaribu kurudi kupitia mchujo. Lyndon akatikisa kichwa. Hana kinyongo, alisema, ila ile sauti ya mpira ukiingia mfukoni sasa hataki tena kuisikia.

Gethin aliponisimulia hayo, nilidhani angekuwa amepata nafuu. Hakupata. Akasema afadhali ingekuwa zawadi. Ingekuwa imetoka kwa mtu, angekuwa na wa kumshukuru. Sasa ilikuwa mkono tu uliotetemeka, na yeye ndiye aliyenufaika.

Msimu mpya akaanza kusafiri kwa treni, na kulala chumba cha mtu mmoja. Akashinda baadhi, akashindwa baadhi. Nikichelewa kufungua siku hizi, hanung'uniki kama zamani.

Kabla ya Krismasi Lyndon alipita klabuni akiwa na Delyth. Aliagiza bia, akakaa ameupa mgongo mlango wa chumba cha nyuma. Gethin akaja akakaa nao. Waliongea raga, na barabara ya mlimani iliyofungwa kwa barafu, na vifurushi ambavyo watu hukataa kuvipokea. Walicheka mara mbili tatu, kwa adabu. Lyndon akaaga mapema kwa sababu ya zamu ya alfajiri.

Gethin aliwasindikiza hadi garini. Aliporudi aliosha glasi zote tatu, jambo ambalo si kazi yake, akanitakia usiku mwema, akaondoka kwa miguu.