Damu ya Shemeji Iliyokataa Kuwaka

Nitaanza na wenye kosa. Wengine wakisimulia msiba wanaanza na Mungu, eti ndiye aliyetoa, ndiye aliyetwaa. Mimi mutoto wangu hakutwaliwa na Mungu. Mukosaji wa kwanza ni shemeji yangu, kaka mukubwa wa bwana yangu, aliyefungua chumba cha maombi ndani ya nyumba ya baba yao kule mtaa wa Hewa Bora, Lubumbashi. Wa pili ni mama mukwe, aliyemuamini. Wa tatu ni bwana yangu mwenyewe, aliyenyamaza. Majina siyaandiki. Mtaa mzima unawajua, na wao wakisomewa haya watajitambua mapema.

Katika nyumba ile kulikuwa na sanduku la chuma, lililoachwa na baba mukwe aliyefanya kazi ya reli. Ndani yake blanketi jeupe la sufu. Kila mutoto wa ukoo, akitoka uzazi, alipakwa mafuta na kufunikwa nalo. Bwana yangu alifunikwa, shemeji alifunikwa. Kati ya mutoto mumoja na mwingine, blanketi lililala sandukuni pamoja na vidonge vya naftalini, vile vyeupe vya sokoni vya kufukuza mende. Kwao harufu ile ilikuwa heshima. Ukiingia uani ukainusa, unajua hapa kumezaliwa mutu.

Mimi nilizaa mara mbili. Wa kwanza musichana: akafunikwa, akanyonya, akanenepa. Wa pili kijana: akafunikwa. Haikupita wiki, macho yake yakawa manjano, mukojo wake mweusi kama kahawa ya jana. Akanifia mikononi.

Tulikuwa bado tumekaa chini kwa msiba, wamama wanalia, shemeji akasimama katikati.

"Mutoto mwanamuke alifunikwa na hii blanketi, iko muzima. Sisi bote tulifunikwa, tuko bazima. Sasa mwenye kukula huyu ni nani?"

Akanigeukia. Hakuhitaji kusema zaidi: mulozi, muchawi wa nyumba, ni mimi. Nilitoka Hewa Bora kwa mawe; kovu liko hapa juu ya jicho, halifichiki hata kwa kitambaa. Musichana wakabaki naye, wakasema nikimuchukua nitamumaliza pia. Bwana yangu alisimama mulangoni akiangalia viatu vyake, kana kwamba vilikuwa vipya.

Nikaenda mtaa wa Katuba. Nikauza mukaa, nikauza sombe, majani ya muhogo, nikafua nguo za wengine. Miaka hii ninafagia katika kliniki moja huko mtaa wa Golf. Shule niliacha ningali mudogo, lakini masikio sikuyaacha huko. Binti yangu alikua kule kwa baba yake. Akapata akili, akaanza kuja kuniona kwa siri, baadaye bila siri. Akapata mwanaume, mufanyakazi wa migodi ya Kolwezi anayerudi mwisho wa mwezi. Akajifungua kijana, kulekule Hewa Bora.

Sikuitwa. Siku chache baadaye, saa ya mchana, ninapiga deki, simu ikalia.

"Mama, mutoto macho yake inageuka manjano."

"Na mukojo?"

"Mweusi."

"Iko wapi?"

"Baba mukubwa amemupeleka mu chumba ya maombi. Anasema na mi niko mulozi, ni weye uliniachia. Anasema nifunge, nisimunyonyeshe mpaka nitatubu."

Ufagio niliuacha palepale kwenye maji. Nikapanda pikipiki. Sijui dereva alipita njia gani, najua tu nilikuwa ninamupiga mgongoni aende mbio.

Chumba cha maombi kilikuwa wazi. Mutoto amelazwa mezani ndani ya blanketi, watu wameshikana mikono wakimuzunguka. Nikapita katikati yao, nikamubeba.

"Weye mwanamuke!" shemeji akapaza sauti. "Nani alikuambia uingie huku?"

"Mulango, shemeji. Ulikuwa wazi."

"Weka mutoto chini."

"Njoo umuchukue."

Hakuja. Miaka yote ile nilimuogopa muntu huyu, kumbe alikuwa anangoja wengine watupe mawe.

Tukafika na binti yangu; kliniki wananijua, hawakutuweka kwenye foleni. Daktari, mwanamuke kijana, aliinama juu ya mutoto, kisha akainua kichwa akivuta hewa puani.

"Mama, hii harufu ni ya nini?"

"Ya naftalini, docta. Ya sanduku."

"Mumuvue hiyo blanketi. Sasa hivi. Muipeleke inje, mbali, na mutoto mumuoshe mafuta yote."

Walimupa damu ya muntu mwingine. Ile yake ilikuwa inapasuka ndani yake, daktari alisema. Ndiyo iliyotoka nyeusi kwenye mukojo. Alipona polepole, na binti yangu alimunyonyesha mbele yangu bila kutubu chochote.

Nilitaka damu yake ipimwe papo hapo, nijue sababu. Muntu wa labo, mwenye kupima damu, mwanaume mupole ambaye kila asubuhi ananiomba nisisogeze vichupa vyake, akakataa.

"Nikipima leo, mama, nitapima damu ya yule aliyechangia. Ngoja iishe. Mutoto atengeneze yake."

"Unatafuta nini ndani ya damu?"

"Enzime. Kwenye vitabu vya Kiswahili wanaandika kimeng'enya. Ni mufanyakazi mudogo ndani ya damu. Anashika sukari, anaigeuza, anaiachilia, anashika ingine. Yeye mwenyewe hamaliziki kwa ile kazi. Na faida ya kazi yake ni kwamba damu haishikwi na kutu. Asiyekuwa naye wa kutosha anaishi tu muzuri, anacheza, anakula bukari. Ila siku anakutana na vitu kama naftalini, ao dawa zingine, damu inaharibika yote mara moja."

Nilimuelewa. Lubumbashi hakuna asiyejua kutu inavyokula bati la nyumba.

Tukangoja miezi. Binti yangu na mutoto walikaa kwangu Katuba. Maneno yalitufuata: eti nimemuiba mutoto, eti ninamunenepesha kwanza. Shemeji akatuma ujumbe kwamba binti akitaka kurudi nyumbani kwa baba yake, aje bila mimi, atubu mbele ya kanisa, mutoto abaki na ukoo. Ndipo nikatuma jibu: siku ya kupima, aje yeye mwenyewe Golf. Alete na Biblia yake kama anataka.

Akaja. Alivaa koti. Aliangalia vigae nilivyosugua mimi, akavikanyaga taratibu.

Muntu wa labo alitutoboa vidole, kila mumoja: mutoto, binti yangu, mimi, shemeji, na yeye mwenyewe. Kila damu akaichanganya na dawa yenye ile sukari, akadondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Akafunga pazia, akawasha taa ndogo ya rangi ya zambarau. Tukainama. Giza. Hakuna tone lililoonyesha kitu.

Shemeji akacheka. "Hata yako, docta? Basi bote tuko balozi, bachawi."

"Mufanyakazi hajaanza kazi, baba. Tumupe muda."

Tukangoja. Akadondosha tena kutoka kwa vichupa vilevile, pembeni ya matone ya kwanza, akaacha yakauke. Akawasha taa. Tone lake likawaka, rangi ya buluu kama mwezi ndani ya maji. La shemeji likawaka vilevile. Langu likawaka kidogo, kama taa iliyobakiza mafuta machache, na la binti yangu hivyohivyo. La mutoto lilikaa jeusi.

Nilisikia shemeji anavuta pumzi.

"Munaona?" akasema. "Giza! Ya bote inawaka, ya mutoto giza. Sasa hii ni nini kama haiko bulozi? Kuko mutu alizima mwangaza yake."

Ningempiga. Muntu wa labo hakukasirika hata kidogo, nadhani alishazoea watu wa aina hiyo. Akachukua damu iliyobaki ya shemeji, ileile iliyowaka, akaigawa mara mbili. Kichupa kimoja akakiacha mezani. Cha pili akakizamisha kwenye maji ya moto. Damu ikageuka rangi ya maini yaliyopikwa.

"Zote mbili ni zako, baba? Umeona nikizitoa?"

"Nimeona."

Akatia dawa ileile katika zote mbili, sukari ileile. Akangoja, akadondosha, akaacha zikauke, akawasha taa. Moja iliwaka. Ile ya moto ilikuwa nyeusi, nyeusi kabisa, kama ya mutoto.

"Sukari iko, dawa iko, damu ni yako," muntu wa labo akasema. "Moto umeharibu mufanyakazi tu. Hakuna mufanyakazi, hakuna mwangaza. Ya mutoto haikuharibiwa na moto. Alizaliwa na wafanyakazi dhaifu, wanaokufa mapema. Ni hiyo tu."

Shemeji alikuwa bado ameinama juu ya karatasi, anaangalia giza lake mwenyewe.

"Pole, shemeji," nikamuambia. "Nani amekuloga? Mi nilikuwa nimesimama hapa, sikukugusa."

Binti yangu aliziba mudomo kwa kitambaa cha mutoto. Muntu wa labo akageukia dirisha kufungua pazia, mabega yanamutetemeka.

Lakini shemeji si muntu wa kuanguka mara moja. Akanyoosha koti. "Bon. Uniambie jambo moja tu. Hiyo udhaifu inatokaka wapi? Kwa baba ao kwa mama?"

"Kwa kijana huyu, kwa mama," muntu wa labo akajibu. "Na mama ameipata kwa mama yake. Wao wanawake wamebaki na nusu ya wafanyakazi, ndiyo maana naftalini haikuwaangusha."

"Si nilisema! Si nilisema tangu mwanzo! Imetoka kwake!"

Nitasema jambo ambalo siku ile lilinijia bila kulitafuta. Kwa miaka yote niliyotukanwa nilijibu jambo moja: si mimi. Kwa mapolisi, kwa mapadri, kwa majirani wa Katuba walipopata habari, si mimi, si mimi. Nilikuwa nimechoka na neno hilo kuliko nilivyochoka na mukaa.

"Ndiyo," nikasema. "Imetoka kwangu. Na hii pua ya binti yangu imetoka kwangu, na miguu yake mifupi. Nilimupa bila kujua, kama mama yangu alivyonipa. Sikuinunua usiku, sikuitengeneza. Damu yangu ilikuwa hivi na mwanangu angeweza kuishi nayo mpaka awe muzee, angekuwa sasa ameoa. Kilichomukuta ni naftalini ya sanduku yenu. Na kilichonikuta mimi ni mudomo wako."

Alichukua Biblia yake akatoka, na mimi nikachukua ufagio, kwa sababu zamu yangu ilikuwa haijaisha.

Jumapili iliyofuata walikuja Katuba, wale wakosaji wote watatu, na soda na mikate. Bwana yangu alikaa kwenye kiti akaangalia viatu; ni vingine, lakini namna ya kuviangalia ni ileile. Shemeji akasema kwa sauti ya chini kwamba kulikuwa na kutoelewana, sasa sayansi imesaidia, binti arudi nyumbani na mutoto wake, hakuna tena masharti.

"Sema kwa nguvu," nikamuambia.

"Nimesema."

"Siku ile hukusema hivyo. Siku ile mpaka wenye kupita barabarani walisikia. Simama pale pa mulango, sema: nilimusingizia huyu mwanamuke."

"Shemeji, tusiamushe ya zamani."

"Kwangu haijalala."

Hakusimama. Binti yangu, aliyekuwa ananyonyesha, akasema bila kuinua macho: "Baba mukubwa, mi sirudi."

Ndipo mama mukwe akaanza kulia. Amezeeka. Akaniita mwanangu, neno ambalo hakunipa hata siku ya ndoa. "Basi ni mie? Ile blanketi niliifua na mikono yangu. Ni mie nilimuua?"

Nilimutazama. Ningeweza kumuacha na swali hilo, alale nalo kama nilivyolala na langu. Kusema kweli nilitaka.

"Hapana, mama. Wewe ulimufunika asisikie baridi. Naftalini hukuijua. Lakini mimi ulinijua. Nilikupikia, nilikuogesha ulipougua. Ukanitoa kwa mawe, na hilo ulilijua."

Akatikisa kichwa kukubali. Wa pekee kati ya watatu. Akanyoosha mikono apewe mutoto.

Sikumupa. Nilimuletea maji. Nikamuambia kwamba akitaka kumubeba aje wiki ijayo, peke yake, bila hawa wawili, na nguo zisizokaa sandukuni. Wengine watanisema kwamba nina roho mbaya. Waseme. Mutoto huyu anaishi Katuba na mama yake, na anayetaka kumuona anapiga hodi kwangu, anangoja inje mpaka nimfungulie.