Mashati ya Kapteni Yohan

Juzi, sokoni Kimironko, televisheni ya fundi cherehani ilimwonyesha mkubwa mmoja wa ng'ambo akiweka maua kwenye makaburi yetu ya mauaji ya kimbari, akisema dunia haikujua. Haikujua? Kapteni Yohan alijua. Na wakubwa wake waliomwamuru aondoke, walijua.

Mchana ule wa mauaji, nikiwa mtoto, shule tuliyokimbilia ilinuka sabuni na moshi. Mama alikuwa akiwafulia askari wa kigeni wa Kapteni Yohan, waliotulinda. Mara malori yao yakaunguruma. Watu wakalala mbele ya magurudumu wakilia, "Afande, basi tupigeni risasi ninyi!" Nje ya ua, wenye mapanga walipiga filimbi. Kapteni Yohan akatazama saa yake, akapanda lori.

Mimi sikulia. Mashati yao yalikuwa bado kwenye kamba, yanachuruzika maji, na nani anaacha nguo nzuri namna ile?

"Mama, watarudi kuyachukua."

"Ee, mwanangu. Yaangalie yasianguke."

Nikakaa chini ya kamba nikiyalinda hadi yakakauka. Filimbi zilipoingia uani, mama akayaanua, akanilaza pembeni, akanirundikia yote juu. Mashati yakanificha. Wenye mashati walikuwa wameshafika uwanja wa ndege, na aliyekuja kunifunua hakuwa mama.