Belarmino na Mawe ya Kichochoro cha Nanga

Katika Lisbon nzima, kiongozi wa watalii aliyewaambia wateja wake watazame chini alikuwa mmoja tu, Belarmino Sarzedas. Wenzake waliinua miavuli ya rangi wakaswaga watu thelathini kwa mkupuo, shingo zimeelekea juu, wakiwaonyesha ngome, makanisa na kuta za vigae. Yeye alichukua mtu mmoja, au mume na mkewe, basi. Alifunga mikono mgongoni, akashuka nao polepole kutoka mtaa wa kilimani wa Graça kuelekea mtoni, na kila baada ya hatua ishirini alisimama akaonyesha kidole miguuni mwao.

"Hapa alikaa fundi wa mkono wa kushoto. Ona mawe yalivyolala."

Au: "Huyu wa hapa asubuhi hiyo aligombana na mkewe. Mstari umekwenda upande."

Mteja alicheka, akainama kuhakikisha. Akishainama, huyo alikuwa wa Belarmino.

Wenye miavuli walimwita Kuku. Lisandro, kijana mwenye kipaza sauti kifuani na historia aliyoikariri kwa wiki mbili, hakumwacha apite salama.

"Mzee Kuku! Leo umeokota mtama mwingi?"

"Kuku hushiba, Lisandro. Wewe unayetazama juu, utakula mawingu."

Shule yake iliishia darasa la tatu. Baba yake alibeba magunia bandarini, na chumba chao kilikuwa cha chini katika Kichochoro cha Nanga, chenye dirisha lililoonyesha visigino vya wapita njia. Alipofika miaka kumi na mitatu akapewa nyundo, akakabidhiwa kwa fundi Zeferino, mwashi wa njia, mtu mfupi mwenye hasira ndefu. Miaka arubaini na sita alipasua mawe ya chokaa na kuyapanga juu ya mchanga, akiwa amekaa kwenye kigoda kisichozidi shibiri mbili. Mengine yote alijifundisha mwenyewe. Alisoma magazeti yaliyofungiwa samaki, kisha vitabu vya maktaba ya chama cha wafanyakazi, mpaka akajua kila barabara aliyoipigia goti ilimilikiwa na nani, ilibomoka lini na nani aliijenga upya. Siku hizo waashi wa njia wa manispaa walijaza malori mawili kila asubuhi. Leo wote waliobaki wanaenea kwenye benchi moja la bustani, na kofia zao zikapata pa kukaa.

Kazi ya kutembeza watu ilimjia baada ya kustaafu. Mgeni mmoja alimkuta amepiga magoti barabarani akirekebisha jiwe lililomkera, jiwe ambalo hakuna aliyemtuma alirekebishe. Mgeni akauliza swali moja. Belarmino akajibu kwa saa mbili, wakitembea.

Kila tembezi lake lilimalizikia Kichochoro cha Nanga, alikokuwa akiishi bado. Njia ile aliipanga na Zeferino kiangazi cha mwaka 1968: nyeupe yote, katikati kamba ya mawe meusi ikishuka mteremko mzima ikijisokota, mpaka chini kabisa inapofungwa kwenye nanga. Miguu ya nusu karne ilikuwa imeyang'arisha mawe yale yakawa kama meno ya farasi. Belarmino aliupenda mng'ao ule kuliko kamba na nanga. Hakuuweka yeye, aliwaambia wateja. Uliwekwa na wachuuzi wa samaki, wabeba makaa, wafuaji waliopanda na mabeseni kichwani, watu ambao sasa hakuna hata mlango unaowakumbuka.

Septemba hiyo tangazo likabandikwa ukutani. Manispaa itang'oa mawe ya kichochoro na kumwaga sakafu ya saruji yenye mikwaruzo, kwa usalama wa wakazi. Kaya kumi na moja kati ya kumi na nne zilikuwa zimetia saini ombi hilo, na saini ya kwanza ilikuwa ya Dona Felisbela, jirani wa Belarmino.

Belarmino akasimama chini ya dirisha lake.

"Felisbela! Wewe! Siku ya harusi yako ulicheza juu ya mawe haya, mchanga haujakauka!"

Felisbela, mwenye miaka sabini na tisa, akatoa kichwa. "Nilicheza, ndiyo. Februari nikacheza tena, nikashuka matako chini, wakanitia chuma kwenye nyonga. Unataka niyabusu?"

"Ilikuwa mvua."

"Mvua ilinyeshea Lisbon nzima. Niliyelala hospitali ni mimi."

"Kuna urembo, Felisbela, ambao ukishatoka—"

"Urembo! Mimi nikienda kununua mkate naambaa ukutani kama mwizi. Huo urembo wako uje uuweke juu ya kaburi langu, na kwa mteremko huu hutangoja sana."

Akafunga dirisha. Belarmino alibaki ametazama chini, safari hii bila mteja. Ukweli haupigwi ngumi. Yeye mwenyewe, siku za mvua, alikuwa ameanza kuambaa ukuta wa upande wa pili.

Hata hivyo hakukubali. Kitu kikishang'olewa katika mji huu hakirudi. Watu hupiga picha ya shimo, kisha husahau hata shimo. Akamwandikia barua injinia aliyesimamia kazi ile, kwa mwandiko wake wa kujifundisha: "Sijui kuongea ofisini. Ofisini kuna viti, na mtu aliyekaa husikia kwa masikio peke yake. Njoo utembee nami Jumamosi moja. Ukitoka hapo umwage saruji yako, sitakuandikia tena."

Injinia Graciete Mourão akaja. Alikuwa mwanamke wa miaka arubaini na kitu, mzaliwa wa Beja, mji wa kusini, mwenye viatu vya kazi na koti la mvua, na alikataa katakata kutembezwa bure.

"Mzee Belarmino, nisikufiche. Mkandarasi anaanza Jumatatu. Nimekuja kwa heshima. Sikuja kubadilisha uamuzi."

"Heshima yatosha kwa kuanzia. Tazama chini."

Wakashuka. Belarmino hakuwahi kutembeza mtu vizuri kama asubuhi ile. Alimwonyesha pale mawe yalipobanana bila tone la saruji, na mvua ikanywewa na ardhi badala ya kuingia majumbani. Alimwonyesha pale mkandarasi wa juzi alipoziba kwa saruji, na mtaro ukapasuka kabla ya mwaka. Alimwonyesha samaki mdogo wa mawe matatu, saini ya siri ya fundi aliyekatazwa kuandika jina lake. Injinia aliinama kila alipoambiwa ainame, na kila mara alipoinuka alikuwa na swali, na swali lake lilikuwa la mtu anayejua.

"Haya yote nayakubali," alisema walipovuka Kanisa la Mtakatifu Estêvão. "Lakini hujanijibu kuhusu utelezi. Mimi nina watu tisa walioanguka kichochoroni kwako kwa miaka miwili."

"Tutafika."

"Ndiyo, tutafika. Utaniambia nini tukifika?"

Belarmino akaongeza mwendo. Alitegemea kamba na nanga.

Walipoingia Kichochoro cha Nanga manyunyu yalikuwa yameanza, na madirisha yalikuwa wazi yote, maana habari za injinia zilikuwa zimetangulia.

"Mama injinia!" Felisbela akaita toka juu. "Usimsikilize huyo! Ana mdomo wa kuuza samaki wa jana!"

"Na bei ya kesho!" akaongeza jirani, na kichochoro kizima kikacheka.

Belarmino akavua kofia, akaanza. Akaeleza kiangazi kile, akaeleza kamba, akaeleza miguu iliyoyang'arisha mawe, mtu kwa mtu, kwa majina. Injinia alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaweka kisigino juu ya jiwe lililolowa na kusukuma kidogo. Kiatu kikateleza kama kwenye sabuni, na ilibidi ashike mlango.

"Ni pazuri," akasema kwa upole. "Nasema kweli. Lakini huo mng'ao unaousifu ndio uliomvunja yule mama pale juu. Siwezi kuwaambia wakazi waendelee kuvunjika kwa kumbukumbu ya wabeba makaa."

Juu, Felisbela akajiinamisha nje ya dirisha.

Kulikuwa na jambo moja ambalo Belarmino alilijua miaka yote, na tangu Septemba alijikataza kulifikiria. Akatazama mawe yale yanayong'aa, kila moja na mtu wake, hata injinia akadhani mzee analia. Kisha akatoa nyundo aliyozoea kuwaonyesha wateja, akapiga magoti kwenye maji, magoti yakilalamika kwa sauti, akaanza kuchokonoa jiwe pembezoni mwa ukuta.

"Wewe mzee, utaumia," akasema injinia.

"La kwanza ndilo gumu. Likitoka hilo, mengine yana adabu."

Lilitoka baada ya dakika tano na matusi matatu. Belarmino akalifuta mchanga kwa koti lake, akaligeuza, akampa mkononi. Upande wa chini ulikuwa mraba kamili, mweupe, wenye chengachenga kali kama bonge la sukari. Haukuwahi kukanyagwa na mtu.

"Mafundi wengine walichonga juu tu," alisema, bado yuko chini. "Chini waliacha limechongoka kama jino, kazi iende haraka. Zeferino alitulazimisha tuchonge nyuso mbili, kila jiwe. Tulimlaani kwa jina la mama yake. Alisema jiwe analilipia mtu mara moja, kwa hiyo litumike mara mbili."

Injinia alipitisha kidole. "Na hukunieleza hili asubuhi yote? Hukuandika kwenye barua?"

"Ukiligeuza, mng'ao unakwenda chini." Akapapasa jiwe la pembeni. "Na watu wake wanakwenda nao."

Graciete alimtazama, akaelewa kwamba mzee alikuwa ametoa kitu kilichomuuma kukitoa. Lakini alikuwa injinia.

"Ng'oa lingine. Nichague mimi, lisije likawa mazingaombwe." Akaonyesha katikati, karibu na kamba nyeusi. Likatoka, uso wa pili uleule. Akaonyesha la tatu, chini kabisa karibu na nanga. Uleule. Alipofika la nne injinia mwenyewe alikuwa amepiga goti, koti limejaa tope, nyundo mkononi mwake. Wakageuza mawe mpaka kukawa na kipande chenye upana wa miguu miwili, wakayashindilia kwa kisigino cha nyundo, wakamwaga maji juu.

Mlango ukafunguka. Felisbela alikuwa ameshuka, fimbo mkono mmoja, miguuni viatu laini vya ndani, vilevile vilivyompeleka hospitali.

"Nishike mkono," akasema Belarmino.

"Sogea huko. Ulinishika lini nikasimama?"

Akapanda juu ya kipande kile. Akakanyaga. Akazungusha kisigino kama mtu anayezima sigara.

"Hm," akasema Felisbela.

"Hm nini?"

"Hm, nimesimama." Akamgeukia injinia. "Sasa, mwanangu, unangoja nini? Mwambie huyo wa saruji abaki kwao!"

Kelele zilizotoka madirishani ziliwafikia wenye miavuli kule kanisani.

Jumatatu mkandarasi hakuja. Alhamisi walikuja wafanyakazi wanne wa manispaa, watu wazima waliowahi kumwaga lami tu, na barua yenye mhuri ikimtaja Belarmino Sarzedas kuwa msimamizi wa kazi. Aliikunja akaitia mfukoni bila kuisoma mara ya pili, lakini wote walimwona akiushikashika mfuko huo siku nzima. Aliwakalisha kwenye vigoda, akawatukana kwa matusi ya Zeferino, neno kwa neno, na siku ya tatu mmoja wao, Jacinto, mwenye mikono kama makoleo, alianza kupanga mawe bila kuyatazama. Belarmino alimtukana huyo zaidi ya wengine. Walikula walichopewa na madirisha: supu ya kabichi, samaki mkavu wa chumvi kwa viazi, mkate. Kazi ikaisha siku ya kumi na moja.

Kichochoro kilitoka cheupe kama unga, kikavu machoni, bila mng'ao hata chembe. Kamba nyeusi ilionekana kama imechorwa asubuhi ile. Belarmino alikipita mara moja juu mpaka chini akiwa peke yake, akiwataja wale watu kwa sauti ndogo, mchuuzi baada ya mfuaji, mpaka akamaliza. Kisha akavaa kofia.

Mvua ya kwanza kubwa ilishuka siku mbili baadaye, mchana, ile mvua ya Novemba inayogeuza ngazi za Lisbon kuwa mito. Hakuna aliyefunga dirisha. Felisbela akatoka na mwavuli, fimbo ameiacha ndani, akashuka katikati kabisa ya njia, juu ya kamba nyeusi, akapotea konani kwenye duka la mkate. Akarudi na mkate kwapani. Akaufikisha mlangoni, akauweka ndani, akageuka, akashuka tena. Akarudi mikono mitupu. Akageuka akashuka mara ya tatu, viatu vimelowa chapachapa.

"Felisbela!" Belarmino akamwita kutoka mlangoni kwake. "Mikate mingapi wewe, unalisha jeshi?"

"Nani kakwambia naendea mkate?" akajibu bila kugeuka. "Natembea."