Bolti Iliyokatikia Ndani

Matanga ya mume wangu hayajaisha, shemeji akaja gereji kwetu Sirari kuchukua sanduku la spana. Kwa mila ya Kikurya vitu vya mwanaume hurudi kwa ndugu zake, na mimi mwenyewe nilihesabiwa humo humo. Nilimpa shikamoo yake, kisha nikakaa juu ya sanduku. Ndilo lililokuwa linalisha watoto wangu.

"Shemeji, mwanamke na spana wapi na wapi?" akasema.

Mama mmoja kutoka Kemambo alikuwa anatusikiliza. Alileta injini ya mashine yake ya kusaga. Bolti moja ilikuwa imekatikia ndani ya bloku, na majirani zake walikuwa wanasubiri unga. Shemeji alikuwa fundi wa mashine za kusaga mawe kwenye machimbo ya dhahabu, akaona hapo ndipo pa kunionyesha. Akaitoboa bolti kwa drili, akaingiza chuma cha kutolea bolti zilizokatika, akaning'inia kwenye spana kwa uzito wake wote. Chuma nacho kikakatikia humo humo. Mafundi wa machimboni wana ugonjwa huo: wamezoea mawe, wanadhani kila kitu hutoka kwa nguvu.

"Bloku imekufa hii, mama," akasema. "Vuka mpaka, tafuta nyingine Isebania."

Yule mama akaniangalia mimi. Nikanyanyuka, nikalifungua sanduku mbele ya shemeji.

Chuma kile ni kigumu kuliko drili, kwa hiyo sikuhangaika nacho. Niliweka nati juu ya kisiki cha bolti, nikachomelea katikati mpaka vikawa kitu kimoja. Kikiwa bado cha moto nikagusisha mshumaa, nta ikayeyuka na kuzama kwenye meno ya bolti, iyalainishe. Baada ya hapo ni subira: unafungua kidogo sana, unarudisha, unafungua tena. Mara ya kwanza nati ilibanduka, shemeji akacheka kwa sauti. Hasira ilinipanda, nikachukua nati nyingine. Nikachomelea tena. Safari hii ikalia, ikasogea, na bolti ikatoka yote na chuma chake tumboni.

Shemeji akaigeuzageuza mkononi. "Kumbe marehemu alikufundisha vizuri," akasema kwa upole, akitafuta pa kutokea na heshima yake.

Ningeweza kuitikia. Miaka yote ya ndoa niliitikia hivyo, wateja wakimsifu yeye na mimi nikinawa mikono kimya, kwa sababu nilimpenda na sikutaka achekwe.

"Shemeji, mimi nimekulia gereji ya baba yangu, Mugumu," nikamwambia. "Ndugu yako nilimfundisha mimi."

Aliondoka mikono mitupu. Kumfichua marehemu kuliniuma, na bado kunaniuma, lakini sijawahi kuomba radhi.