Paulinus Etyang wa Malaba, Aliyepanga Laini Nyuma

Alizaliwa Paulinus Etyang tarehe 3 Machi 1974, karibu na Amukura, kwa wazazi wakulima wa mtama na muhogo. Mama yake alishuhudia kwamba hata utotoni hakuwahi kugombania nyama, jambo ambalo ndugu zake saba walilipokea kama neema kutoka mbinguni.

Wito ulimjia mwaka 2009 katika steji ya bodaboda pale Malaba, ambako kila abiria aliyevuka kutoka Uganda aligombaniwa kama mpira wa kona. Siku moja nyanya mmoja alipelekwa Amukura, mzigo wake ukaenda Busia, na kuku wake hajulikani alipo hadi leo. Paulinus alipochaguliwa mwenyekiti aliweka sheria moja: aliye mbele ndiye abebe. Ile desturi ya mwenyekiti kuchukua abiria wa kwanza kila asubuhi akaifuta, naye akapanga laini nyuma. Watu waliozoea kutukanana tangu alfajiri wakaanza kucheza drafti wakingoja zamu, na furaha ikaingia hata majumbani mwao. Aliyenuna ni Emukule peke yake. Alikuwa ameshindwa uchaguzi, akawa ananong'ona kwamba laini ni ujanja wa mwenyekiti kulisha marafiki.

Jaribu kuu lilikuja Agosti 2012. Syprose, mkewe, alifika stejini na uchungu wa kuzaa, amejishika kiuno. Mbele ya laini alikuwa Emukule, na pikipiki ya Emukule haikuwaka bila kusukumwa. Steji nzima ikamtazama Paulinus. Alimpenda mke huyo kuliko roho yake, lakini akamwelekeza kwa Emukule.

“Wewe ni mwenyekiti ama ni bwana yangu?” Syprose akauliza.

“Saa hii ni mwenyekiti. Jioni utanichapa kama bwana yako.”

Akina mama wa parokia bado wanalijadili jibu hilo, na si wote wanaoliona la kitakatifu. Wanabodaboda kumi na tisa walisukuma, pikipiki ikakohoa, ikawaka. Emukule, aliyekuwa na hakika ya kurukwa, alimbeba Syprose kama trei ya mayai hadi hospitali, na mtoto Trizah akazaliwa salama. Tangu hapo hakunong'ona tena. Syprose naye alimnyima mumewe maneno miezi mitatu.

Paulinus alilala katika Bwana mwaka 2023, baada ya kuugua kifua. Mazishini, mheshimiwa mmoja mwenye haraka aliomba azungumze kabla ya wote. Emukule, mwenyekiti mpya, alimwonyesha nafasi yake nyuma ya muuza ndizi. Wapambe wa mheshimiwa wakamkimbilia mjane amruhusu apite mbele, wakijua hakuwahi kuisifu laini ile hata siku moja.

Sisi tunaotawala watu, wawe milioni au wawe watatu mezani, tuliige jibu alilowapa Syprose akilia:

“Mimi niliingoja hii laini mtoto akitoka. Yeye anaumwa wapi?”