Ndimu Juu ya Feruzi

Mwalimu wa chekechea alirudisha hereni huku amevuta ncha ya sikio, kila apitaye aone.

"Fundi, umeniuzia nini? Tazama, nimekuwa kijani kama kinyonga."

"Hiyo ni shaba inakusalimia, dada."

"Basi isinisalimie mbele ya wanafunzi."

Fundi alicheka. Lawama hiyo aliizoea. Mtaani walimwita Kutu kwa ajili yake, na jina lilimganda hata wengine hawakujua la kwake halisi. Alizipangusa zile hereni kwa kitambaa cha pamba, akamwambia yale anayowaambia wote. Vua kabla ya kuoga. Jipake mafuta na manukato kwanza, vito uvae mwisho. Ukivua, pangusa jasho, tia kwenye kifuko kinachofungwa, hewa isipite. Shaba tupu ikishika weusi, isugue kwa ndimu na chumvi, suuza, kausha.

"Lakini yenye feruzi," aliongeza, akimwonyesha pete yenye jiwe la samawati, "ndimu isiikaribie. Jiwe hili lina vinyweleo, linakunywa kila kitu. Asidi ikilipata linapauka, linakuwa chaki. Na hapo usiniletee, maana sina la kulifanya."

"Hata kidogo?"

"Hata tone."

Maneno hayo hayakuwa yake. Yalikuwa ya mkewe. Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyekaa mbele ya kibanda akiuza, mume akiwa nyuma na nyundo na bomba la gesi, na aliyasema mara nyingi kiasi kwamba mshona viatu wa kibanda cha pili aliyajua kwa moyo na kuwatolea wateja walipomkuta fundi hayupo. Mteja aliyeleta feruzi iliyoungua kwa ndimu alipewa somo mpaka akatamani ardhi ipasuke.

Mke mwenyewe alivaa bangili moja tu: utepe mpana wa shaba nyekundu, wazi kwa nyuma ili mkono upite, na feruzi moja ya mviringo juu. Fundi aliitengeneza wakiwa wachumba. Kwa ngozi yake shaba ile ilikuwa na tabia nzuri. Ilitulia kwenye rangi ya chai ya rangi na kubaki hapo.

Hadi mwaka alioumwa. Kabla hospitali haijaona uvimbe tumboni, bangili ilianza kushika weusi. Inasafishwa asubuhi, jioni nyeusi kama sufuria ya kuni. Wakati wa matibabu ikawa hivyo hivyo, na mkono ulikonda hata ikabidi fundi aibane kwa koleo isianguke. Kisha dawa zikaisha, mwili ukarudi, akaipanua tena, na rangi ya chai ikarudi. Alipomweleza daktari habari hii, daktari alitabasamu kwa adabu akasema jasho hubadilishwa na mambo mengi, hata chakula. Fundi hakubishana. Ila tangu hapo, kila asubuhi kabla ya kutoka, aliutazama mkono wa mkewe jinsi wengine wanavyotazama mawingu.

Na tangu mvua zilipoanza, mkono ule ulikuwa ukimpa furaha. Bangili haikuwa na weusi wowote. Iling'aa. Alifika kazini akiimba.

"Kutu, leo tena umeamka na redio tumboni?" mshona viatu alimuuliza. "Punguza sauti, soli zangu hazishiki gundi."

Jambo moja hakulifikiria, na fundi wa shaba alipaswa kulifikiria kabla ya mtu yeyote: bangili inayovaliwa kila siku haing'ai. Inatulia. Inayong'aa imesuguliwa.

Siku hiyo hiyo ya hereni, mchana, mkewe alikuja kibandani kumletea miwani aliyoisahau. Aliegemea meza, akanyoosha mkono kumpa. Jua lilikuwa limeingia mpaka kwenye meza, na fundi, kabla hajaivaa hiyo miwani, aliliona jiwe. Samawati yake ilikuwa imekufa. Pembeni, linapokutana na shaba, palikuwa na ukingo mweupe wa unga.

Aliushika ule mkono. Bangili ikateleza yenyewe mpaka karibu na kiwiko.

"Umetia ndimu," alisema.

"Ndimu wapi?"

"Juu ya jiwe, mama watoto."

Mke alivuta kigoda akaketi mahali pake pa zamani, mgongo kwa barabara.

"Nilianza na kitambaa," alisema. "Hakikutosha. Nikatia majivu. Nayo hayakutosha. Ilikuwa inaamka nyeusi, baba watoto. Ukiingia bafuni ndipo nasugua kwa ndimu. Siku nyingine ulioga haraka, sikupata nafasi ya kuzunguka jiwe."

"Ungeniambia."

"Najua, mficha maradhi. Usinimalizie."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unaimba." Aliisukuma bangili irudi chini, ikakataa kukaa kwenye kifundo, ikaangukia vidoleni. "Kila ukiitazama hii, unatoka mlangoni unaimba. Ningesema saa ngapi?"

Kwenye kibanda cha pili nyundo ya mshona viatu ilikuwa imenyamaza.

"Kesho twende hospitali," fundi alisema.

"Nimeshakwenda."

"Na nani?"

"Na miguu yangu. Uvimbe umesambaa. Mpaka kwenye ini. Daktari alinionyesha kwenye picha, mimi naona mawingu tu, ila uso wake niliuona."

"Kuna dawa."

"Ipo ile ile. Ya kutapika. Akasema itanisogeza mbele kidogo, si ya kuponya. Nikamwambia asante, nitafikiri. Nimeshafikiri."

Kwa vile mikono yake ilitaka kazi, fundi aliichukua ile bangili na kulifuta jiwe kwa kidole gumba. Halikubadilika. "Nitakuwekea jingine," alisema.

"Liache. Ibane tu, inaniteleza. Jana nusura iingie chooni."

Alichukua koleo, akalifunga meno kwa kipande cha ngozi lisikwaruze. Mke alinyoosha mkono, akavishwa. Fundi alibana upande mmoja, na shaba ikamjibu vidoleni: ngumu, kavu, isiyotaka. Ilikwisha kubanwa mara moja na kupanuliwa mara moja. Shaba inayokunjwa huku na huku huchoka, na dawa yake ni moto, ipate kulainika. Lakini moto ungelipasua jiwe. Alisita.

"Nini?"

"Imechoka kidogo. Haidhuru."

"Ukiibana leo, itapanuka tena?"

"Kwa nini ipanuke?"

"Binti yako ana mikono minene kama ya kwako. Haitampita."

Fundi aliinamia kazi yake kama vile hakusikia. Aliweka koleo upande wa pili.

"Nakuuliza, fundi."

"Nikiibana mpaka ikutoshe, haitapanuka. Itakatika."

"Basi usibane."

"Nitamtengenezea nyingine. Nzuri zaidi ya hii."

"Nyingine sikuivaa mimi."

Aliivua. Haikumgharimu kitu, aliinamisha mkono tu, ikatoka. Aliiweka juu ya meza kati ya pete na hereni za watu, upande wa jiwe juu, kisha akainuka kwa kushika nguzo ya kibanda, akapumzika kidogo, akashika njia ya nyumbani. Mshona viatu alimsalimia alipopita, naye akamwitikia vizuri, akamtania kuhusu gundi yake.

Fundi alibaki na koleo mkononi, hana cha kubana.