Ruzuku Haiombwi Jikoni

Mwanangu, siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu si ya harusi. Ni ile ya mkutano wa kijiji hapa Hasamba, walipokuja maofisa kutafuta kaya maskini za kupewa ruzuku ya serikali. Mimi tangu zamani ni mtu wa kushuku. Hata nikikaribishwa uji, nauliza kwanza nani kaupika. Sasa niambie, serikali igawe hela bure? Kwa lipi? Wengine walisema ni fedha za mashetani, wengine wakasema ukishaandikwa tu, mibuni yako inakuwa mali ya serikali. Nikaamini yote mawili.

Na shida nilikuwa nayo, tena kubwa. Mume wangu alikuwa amevuka mpaka kwenda Zambia kutafuta kibarua, akanyamaza kimya. Niliachwa na watoto wawili na baba mkwe aliyepofuka macho, na mahindi darini yalikuwa yanaisha.

Siku moja kabla ya mkutano, alikuja jirani yetu mmoja, Simbeye, mtu wa maneno laini. Aliingia mpaka jikoni, akaongea kwa kunong'ona. Kwetu, kama ujuavyo, mke hatamki jina la baba mkwe wake, ni mwiko. Na mkutanoni jina la mkuu wa kaya, ambaye nyumbani mwetu ni yeye, hutajwa mbele ya watu wote.

"Shemeji, utaanzaje kumtaja mzee? Utajiaibisha bure," akaniambia. "Nipe kadi yake ya mpiga kura. Nitamwandikisha mimi, na hela nitakuwa nakupokelea."

Loo! Nikamwona ndugu wa kweli. Kadi nilikuwa nimeshaitoa sandukuni, ndipo baba mkwe, aliyekuwa akiota jua nje ya ukuta, akakohoa.

"Mkwe," akasema, "wanaokuita uwanjani mbele ya kijiji kizima unawashuku. Huyu anayekunong'oneza jikoni humshuku?"

Simbeye akaaga upesi, eti ng'ombe wake wamekata kamba.

"Sasa nani atakutaja, baba?" nikauliza.

"Wewe. Heshima yako naijua, mwanangu. Njaa haijui mwiko. Nimekuruhusu."

Basi kesho yake mkutanoni nikasimama, nikatamka: Yohana Nzunda. Akina mama wakashika midomo. Haya iliniwaka usoni, lakini kwa kuwa nilikwisha kusimama, nikauliza na lile la mibuni. Ofisa akajibu kwa sauti kwamba shamba haliguswi, kuandikwa hakulipiwi, ila watoto waende shule na wadogo wapelekwe kliniki. Kijiji kizima kilisikia, hakuna ambaye angekuja kuyageuza baadaye.

Mama Tumaini, mjane wa kule bondeni, yeye alikuwa amempa Simbeye kadi yake. Siku ya malipo akaambiwa msaidizi wake ameshampokelea. Alikaa chini pale pale mlangoni pa ofisi, akalia kama mfiwa. Nililia naye, mwanangu, maana ningeweza kuwa mimi. Kikulacho ki nguoni mwako. Simbeye hakuwa mgeni wa Tunduma mpakani wala wa ng'ambo, alikuwa jirani tuliyeombana naye moto na chumvi.

Sikukatazi kushuku. Shuku sana! Ila shuku kwa kinywa, hadharani, kwa kuuliza: hela hii ni ya nani, sharti lake nini, nani anaipokea? Ukishuku moyoni tu, utaikimbia haki yako na kumkimbilia mwizi wako. Siku hizi hawaji tena jikoni, wanakuja kwenye simu, wanataka namba ya siri ili eti wakuharakishie. Mwambie, "Njoo uyaseme hayo ofisini kwa mtendaji," uone kama atakanyaga. Na usione haya kuitwa maskini mbele za watu. Mficha uchi hazai.

Nenda, Mungu akupe kinywa kisichoogopa kuuliza, na riziki ya wanao isipite kwanza mkononi mwa mtu mwingine.